Dondoo muhimu: Mwenzi wako anapodaiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA)

Anzeni na bahasha za TRA zilizofichwa kabatini. Zifungueni pamoja, lawama zisubiri, na kwanza tafuteni tarehe. Makadirio ya kodi yakishapokelewa, pingamizi lina siku 30 tu, tena huambatana na malipo ya theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi kisichobishaniwa, kile kilicho kikubwa zaidi.

Deni mnalikubali? Mwenye deni amwombe Kamishna Mkuu wa TRA kwa maandishi alipe kwa awamu, akitaja kiasi anachokimudu kweli, si cha kumfurahisha ofisa. Ukimya ndio unaoponza: TRA inaweza kuiagiza benki itoe fedha kwenye akaunti ya mdaiwa. Ritani zilizosalia ziwasilishwe hata kama mfukoni hamna kitu.

Usidhamini mkopo mpya wa kulipia kodi kabla ya kuonana na mwanasheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwanandoa mmoja kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, basi ridhaa hiyo usiitoe kwa kuona haya. Na shamba msilihamishie kwa shemeji: mwenzi akitangazwa mufilisi, mahakama inaweza kuubatilisha uhamisho huo.