Simu Ikizama Ziwani, Usiharakishe Kuifuta
Ndugu wa ufukwe wa Mweru, simu yenye ujumbe wa vitisho ikizama kati ya Nchelenge na Kilwa ya Kongo, ushahidi huenda ungalimo. Simu nyingi huhifadhi ujumbe katika faili za SQLite, zilizogawanywa katika kurasa za ukubwa mmoja. Betri ikikatika ghafla, faili huweza kuharibika isifunguke. Hata hivyo, fundi aweza kuupitia ukurasa mmoja mmoja na kuokoa yaliyosalia. Hata kilichofutwa huenda kikasalia mpaka maandishi mapya yakifunike. Basi izime, usiitie chaji, wala usikubali ifutwe yote ianze upya. Ilete kituoni mapema. Fundi hunakili faili kwanza, kisha hushughulikia nakala tu, ili ushahidi ubaki kama ulivyo.