Kazi ya Mtafiti katika Huduma kwa Wakimbizi

Wengi hudhani kuwa kuhudumia wakimbizi ni kugawa chakula na mablanketi tu. Kwa hakika, kabla ya kugawa sharti kupima, na kupima huko ni taaluma kamili ambayo kijana msomi aweza kuifanya kuwa kazi ya maisha yake.

Chukua mfano wa Ulyankulu, mkoani Tabora. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1972 kwa wakimbizi kutoka Burundi. Watu walipozidi uwezo wa maji na ardhi, maelfu walihamishiwa Mishamo kuanzia mwaka 1978. Kisima kitatoa maji kiasi gani? Shamba litalisha watu wangapi? Hayo ni maswali ya utafiti, na jibu lake huamua watu waishi wapi.

Mjini kazi ni ngumu zaidi. Mwaka 2001 Marc Sommers alichapisha kitabu juu ya vijana wa Kirundi waliotoka makazini, wakafanya ushonaji Dar es Salaam huku wakificha asili yao. Watu wa namna hiyo hawamo katika orodha yoyote. Mtafiti humtafuta mmoja anayemwamini, naye humpeleka kwa mwenzake. Njia hii ina kasoro: huonyesha marafiki wa marafiki, na humwacha nje aliye mpweke, ambaye pengine ndiye mhitaji zaidi.

Tena iko hatari. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, isipokuwa awe na kibali. Kwa hiyo jina moja katika daftari la mtafiti apitaye Kivukoni au Kariakoo laweza kumponza fundi cherehani aliyemfungulia moyo. Ndiyo maana mtafiti hodari huandika namba badala ya jina, huomba ridhaa kabla ya kuuliza, wala hamwahidi mtu msaada ili ajibu.

Anayetaka kazi hii ajiandae kwa mambo matatu:
(a) takwimu;
(b) lugha, hasa Kirundi na Kifaransa pamoja na Kiswahili;
(c) fani moja maalumu, kama vile lishe, maji, sheria au elimujamii.

Zoezi: Shirika lataka kujua mahitaji ya mafundi cherehani wakimbizi waliomo mjini. Eleza utakavyowafikia, na utakavyohakikisha kwamba daftari lako likipotea, hakuna atakayedhurika.