Picha ya Zamani ya Rangi za Maji: Jinsi ya Kujua Umri na Thamani Yake

Umerithi picha ya milima na mto ndani ya fremu kuukuu, na rangi zake zimefifia. Usiisafishe kwanza, wala usiiuze. Ichunguze.

Je, imechorwa kwa mkono? Iangalie kwa kioo cha kukuza cha mara 10. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga, hiyo ni nakala ya mashine. Rangi za maji hunywewa na karatasi, hivyo ukingo wa rangi huwa mzito pale maji yalipokaukia, na mara nyingi chini yake huonekana mistari ya penseli.

Umri wake je? Hapa karatasi husema mengi kuliko sahihi, maana sahihi huweza kuongezwa na mtu yeyote baadaye. Itoe picha kwenye fremu taratibu, uinyanyue kwenye mwanga kama unavyokagua noti. Unaweza kuona alama ya maji, yaani maandishi yaliyomo ndani ya karatasi yenyewe. Watu wengi wakiona “J WHATMAN” hudhani ni jina la mchoraji, kumbe ni la mtengeneza karatasi wa Uingereza. Tangu 1794 karatasi nyingi za huko zilitiwa pia mwaka. Ukisoma 1822, picha haikuchorwa kabla ya hapo; baadaye inawezekana. Kisha azima taa ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi ikimeremeta kwa weupe wa kibuluu, huenda imetengenezwa kuanzia miaka ya 1950.

Kukosa sahihi si ajabu, maana si wachoraji wa kazi tu waliochora. Maofisa wa jeshi la Uingereza walifundishwa kuchora, na wasafiri wengi walichora njiani. James Grant, msafiri aliyeondoka Zanzibar na mvumbuzi John Speke mwaka 1860, alirudi na michoro ya rangi za maji. Kwa hiyo soma mgongo wa picha: jina la mahali, tarehe au karatasi ya duka la fremu huweza kukufikisha kwa mchoraji.

Angalia pia ukingo uliofunikwa na kadibodi. Rangi ya hapo ikiwa kali kuliko katikati, jua limeila picha, na bei hushuka.

Nani atakadiria bei? Nyumba za mnada za Christie's, Sotheby's na Bonhams hupokea picha za simu kupitia tovuti zao, na makadirio ya awali ni bure. Piga mbele, nyuma na sahihi, ukiandika vipimo kwa sentimita bila fremu. Ukikubali kuuza, uliza kamisheni kabla ya kutia saini. Tathmini ya maandishi kwa ajili ya bima au mirathi hulipiwa. Patana ada maalumu, usikubali asilimia ya thamani. Na anayetaka kuinunua asiwe ndiye mkadiriaji wako.

Wakati unasubiri jibu, iweke mbali na jua na unyevu. Tafadhali usiipanguse kwa kitambaa kibichi: rangi hizi zikiguswa na maji huyeyuka tena.