Somo kwa Vyama vya Msingi: Mbono Kaburi na Mchikichi katika Viwanja Vyetu



Swali moja limekuwa likitufikia kutoka Gungu na kata zilizo jirani nayo: mwanachama mwenye kiwanja kidogo cha nyumbani apande nini, mbono kaburi au mchikichi? Swali hili lina msingi. Mimea yote miwili huishi miaka mingi, yote huzaa mbegu zenye mafuta, na yote hustawi katika mkoa wetu. Hata hivyo mmoja ni chakula na mwingine ni sumu. Kosa la kutoitofautisha huanzia kiwanjani, lakini madhara yake hukomaa ghalani na kwenye mashine ya kukamulia. Ndiyo sababu somo hili linamhusu katibu na mtunza ghala sawasawa na mkulima.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Neno "mbono" hutumiwa mahali pengine kwa mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika. Hapa hatuuzungumzii huo, ingawa nao mbegu zake ni sumu kali. Tunazungumzia mbono kaburi, mmea ambao wataalamu huuita jatrofa: kichaka cha urefu wa mita tatu hadi tano, chenye utomvu, maua madogo ya rangi ya kijani-manjano, na tunda ambalo kwa kawaida lina mbegu tatu nyeusi. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Wazee waliupanda makaburini na mipakani kwa sababu ukichomeka kijiti chake ardhini huchipua, na mbuzi hawauli. Katibu aandikapo neno "mbono" katika leja bila kueleza ni upi, ameshaanza kutengeneza hatari.

Wengi wanakumbuka jinsi mmea huu ulivyosifiwa baada ya mwaka 2005. Ilisemwa kwamba utatoa mafuta ya kuendeshea mitambo, kwamba hautaki mvua wala rutuba, na kwamba utamtajirisha mtu kwenye ardhi asiyoitumia. Huko Kisarawe kampuni ya kigeni ilipewa zaidi ya hekta 8,000; kazi ikasimama mwaka 2011, na wanavijiji wakabaki wakidai ardhi na ahadi. Kosa la hesabu lilikuwa jepesi kulieleza. Ni kweli mbono kaburi huvumilia ardhi mbovu, lakini kuvumilia si kuzaa. Mmea unaohimili ukame bila kufa hutoa mbegu chache kwenye ukame huo huo, na mbegu hizo huchumwa kwa mkono, tunda kwa tunda, kwa kuwa haziivi kwa pamoja. Mwanachama aliyefanya hesabu ya siku zake za kuchuma aliona upesi kwamba amejiajiri kwa ujira mdogo kuliko wa kibarua.

Sasa tuje kwenye sumu yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hupuuza. Mbegu ya mbono kaburi ina ganda jembamba ambalo mtoto hulivunja kwa meno. Ndani yake mna kiini cheupe chenye ladha nzuri inayokaribia ya karanga. Mbegu tatu au nne zinatosha kumletea mtoto maumivu ya tumbo, kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Anayepatwa na hali hiyo apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, pamoja na mbegu chache za mfano ili mganga ajue anashughulika na nini. Asilazimishwe kutapika. Kuzikaanga au kuzichemsha mbegu hizo si dawa: joto hudhoofisha sehemu moja ya sumu, lakini sehemu nyingine iliyomo ndani ya mafuta hustahimili moto wa jikoni.

Mtoto wa Kigoma yuko hatarini zaidi kuliko wa mahali pengine, na sababu yake ni mchikichi. Watoto wetu wamezoea kugonga kokwa za chikichi kwa jiwe na kutafuna mise. Kwao, mbegu nyeusi yenye kiini cheupe ni kitu cha kula. Mimi mwenyewe niliwahi kuingia katika ghala la chama kimoja, ambacho sitakitaja, nikakuta magunia mawili ya mbono yaliyobaki tangu zama zile za ahadi yameegemezwa kwenye magunia ya mise yaliyokuwa yakingoja kukamuliwa. Hayakuwa na alama yoyote. Nilipomwuliza mtunza ghala alijibu kwa utulivu kabisa, "Nayajua kwa kuyashika." Siku hiyo alikuwapo. Je, angeugua?

Mchikichi hauhitaji kutambulishwa kwa watu wa mwambao huu. Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliikuta michikichi ufukweni na mafuta yake yakiuzwa. Nyama ya tunda hutoa mawese, kiini cha kokwa hutoa mafuta ya mise, na mashudu ya mise hulisha mifugo. Makuti, makapi na maganda hayatupwi. Ganda la kokwa huwaka vizuri jikoni. Mwaka 2018 Serikali ilianzisha kampeni ya kulifufua zao hili mkoani kwetu, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora.

Juu ya mbegu hizo inafaa tukae kidogo, kwa kuwa wanachama wanapoteza miaka yao hapa. Michikichi ya zamani ya kwetu ni dura, yenye kokwa la ganda nene na nyama kidogo. Mbegu bora ni tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi, nayo hupatikana kwa kuzalisha dura na pisifera, ambayo haina ganda. Mwanachama huona tenera ya jirani imezaa mikungu mizuri, akaokota kokwa chini yake na kuotesha. Hajui kwamba tenera ikichavushwa na tenera mwenzake, watoto hawafuati mzazi wote: kwa wastani, katika kila miche minne, mmoja hurudi kuwa dura, miwili huwa tenera, na mmoja huwa pisifera, ambayo mara nyingi haizai mikungu ya maana. Miche hiyo haitambulikani kwa macho ikiwa michanga. Mkulima huitunza miaka mitatu au minne ndipo agundue. Kwa hiyo chama kinunue miche kwa pamoja kutoka chanzo kinachojulikana, na stakabadhi itunzwe.

Kwa kiwanja cha nyumbani tuwe wakweli: mchikichi una tamaa ya nafasi. Shambani hupandwa kwa umbali wa mita tisa, yaani miche 143 kwa hekta. Kwenye kiwanja cha Gungu mmoja au miwili inatosha, mbali na paa, upande wa chini ambako maji ya kuogea na kuoshea vyombo hutiririka. Hilo la maji si dogo. Kiangazi chetu cha Juni hadi Septemba huutesa mti, na mchikichi ulioteseka kwa kiu baadaye hutoa maua dume mengi na mikungu michache.

Basi mbono kaburi ung'olewe? Sioni hivyo. Ukiwa mpakani mwa shamba, mbali na uwanja wa watoto, ni uzio mzuri usioliwa na mifugo, na mashudu yake, ambayo kamwe yasipewe mnyama, ni mbolea. Ndani ya ua wa nyumba yenye watoto siushauri hata kidogo.

Katika ghala sitoi nafasi ya mjadala. Mbegu za mbono zisiingie katika jengo linalotunza mise, karanga au mahindi. Mashine inayokamua mafuta ya kula isikamue mbono hata debe moja, hata mteja akilipa mara mbili. Mafuta hujificha kwenye parafujo na vichujio, na kuosha kwa maji hakuyaondoi. Uamuzi huo uandikwe katika muhtasari wa kikao cha bodi, usiachwe katika kichwa cha fundi mmoja.

Kwa vikundi vya kusoma, maswali ya kujadili kabla ya mvua za Oktoba ni haya. Ghala letu lina magunia mangapi yasiyo na alama leo, na nani atayafungua mbele ya mashahidi? Mashine tunayokodi ilikamua nini kabla ya kufika kwetu? Miche iliyomo kitaluni ilitoka wapi, na stakabadhi yake iko kwa nani? Majibu yaletwe na katibu kwa maandishi.