Prosesa inayosukumwa na joto la Kigongo

SWALI: Nahariri video za harusi hapa Kigongo, Mwanza. Kompyuta yangu ya mezani ni Ryzen 5 3600, bodi ya B450, RAM GB 16. Nimeisukuma prosesa kupita kasi ya kiwandani, sasa inajizima katikati ya kazi. Ninunue feni kubwa?

JIBU: Kwanza rudisha kasi ya kiwandani. Ikitulia, tatizo ni joto au pawa saplai. Prosesa hula umeme kwa mraba wa volti: kutoka 1.2 hadi 1.35, joto linaongezeka kwa zaidi ya robo, hata kabla hujagusa kasi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, feni inapoza kidogo pia. Safisha vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaonasa kwenye mapezi ya kipoza joto.

Feni kubwa itasaidia, ila fedha hiyo ningeiweka kwenye Ryzen 7 5700X. Inaingia soketi ileile ya AM4, ina kori 8 badala ya 6, na kiwango chake ni wati 65 kama ya sasa. Isukume kidogo tu, au usiisukume kabisa. Ongeza RAM ifike GB 32, na pawa saplai ya wati 550 ya kampuni inayoaminika. Hizi zisizo na jina huandikwa wati zisizozitoa.

Kabla ya kubadili prosesa, sasisha BIOS ukitumia prosesa ya zamani, kompyuta ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati, bodi inaweza isiwake tena.