Si Kila Anayelala Mchana Ana Jini



Ndugu zangu, mtu wa nyumbani akianza kusinzia mchana, usiku akakaa macho akizungumza peke yake, akawa mkali kwa watu aliowapenda, upesi husemwa ana jini au amerogwa. Sisi tunaosoma dini ndio tunaoitwa kumfanyia ruqya. Basi na tuujue ugonjwa wa malale, kwa sababu dalili hizo ni zake pia.

Malale ya huku West Nile huletwa na kijidudu kiitwacho Trypanosoma brucei gambiense. Humwingia mtu akiumwa na mbung'o, wale wa vichaka vya kando ya mito, pale watu wanapoteka maji na kufua. Mwanzoni hukaa katika damu na tezi: homa ya kuja na kuondoka, kichwa na viungo kuuma, tezi za nyuma ya shingo kuvimba. Watu husema malaria. Kinga ya mwili ikikishambulia, chenyewe hubadilisha ganda lake la protini, na kinga hulazimika kuanza upya. Hali hiyo huweza kwenda miezi, hata miaka. Kisha hupenya kwenye ubongo na kuvuruga saa ya mwili. Jina la malale linapotosha kidogo: mgonjwa si lazima alale saa nyingi kuliko wengine, bali usingizi wake hukatika vipande na kusahau usiku na mchana. Asipotibiwa, kwa kawaida hufa.

Zamani ubongo ukishaingiliwa, tiba ilikuwa melasoprolo, sindano yenye aseniki, iliyoua takriban wagonjwa 5 katika kila 100. Leo wengi hutibiwa kwa vidonge vya feksinidazoli, mara moja kwa siku kwa siku 10; aliyezidiwa sana hupewa tiba ya dripu. Vidonge hivyo humezwa pamoja na chakula, maana tumbo likiwa tupu mwili hufyonza dawa kidogo mno. Hapa fiqhi inaingia. Mgonjwa akikutwa na Ramadhani, afuate ratiba ya kituo cha afya. Ruhusa yake imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, naye atalipa siku zake akipona.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeondoa aina hii ya malale kama tatizo la afya ya umma, yaani chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000 kwa mwaka. Haina maana kwamba umekwisha. Koboko imepakana na Kongo na Sudan Kusini, ambako ugonjwa bado upo. Vile vitambaa vidogo vya buluu vinavyosimikwa kando ya mito vina dawa ya kuua mbung'o. Katika majaribio ya Arua na Maracha vilipunguza mbung'o kwa zaidi ya asilimia 90. (Tafadhali, tusiving'oe.)

Majini hatuyakanushi, Qur'ani imeyataja. Lakini Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu. Ruqya na kipimo cha damu havigombani. Ukiitwa kumsomea mtu, uliza kwanza: amekuwa na homa kwa muda gani? Shingo imevimba? Anashinda mtoni? Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu ya kidole tu, kisha hadubini hufuata. Msindikize siku hiyo hiyo, umsomee njiani ukipenda, na mkifika mtaje malale kwa jina, maana mwenye homa huku kwetu hupimwa malaria akarudishwa nyumbani.