Ugonjwa Haungoji Mavuno

Mkulima wa Igunga, katika Mkoa wa Tabora, hushika fedha mara moja kwa mwaka, baada ya kuuza pamba yake. Lakini homa ya malaria huzidi wakati wa mvua, maji yatuamapo na ghala zikaribiapo kuwa tupu. Basi mtoto wake wa miaka kumi akishikwa na homa mwezi wa Machi, baba afanyeje?

Aghalabu husema, "Tumtazame hata kesho." Na kesho hiyo huzaa kesho nyingine, mpaka mtoto aanze kuweweseka, wala hapana budi apelekwe hospitali alazwe. Hapo baba hutwaa ng'ombe mmoja wa plau, akamwuza kwa bei apendayo mnunuzi, kwa maana mwenye haja hana nguvu ya kubisha. Mtoto akipona, furaha ni kubwa. Walakini ng'ombe aliyesalia hawezi kuvuta plau peke yake, na shamba la mwaka ujao hulimwa kwa jembe la mkono, nusu yake.

Shida hii ilizidi tangu mwaka wa 1993, hospitali za serikali ya Tanzania zilipoanza kutoza ada. Kwa hiyo mwaka wa 1996 ulianzishwa huko Igunga Mfuko wa Afya ya Jamii. Kila nyumba ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kile kile. Kisha watu wa nyumba ile walitibiwa mwaka mzima bila kulipa tena. Mwaka wa 2001 sheria iliueneza mfuko huo katika wilaya nyingine.

Mfuko wa namna hii wafanana na chama cha kuzikana: wote hutoa kidogo, naye aliyefikwa na msiba hupewa. Lakini kifo kila mtu akiamini, na ugonjwa kila mtu hudhani ni wa jirani. Wenye afya walisema, "Sisi hatuumwi, tutoe fedha za nini?" Wagonjwa ndio waliokimbilia kuandikwa, na mfuko wa wagonjwa watupu hutoka fedha nyingi kuliko ziingiazo. Wengine walilipa, wakafika zahanati wakaambiwa dawa zimekwisha; mwaka wa pili hawakurudi, wala si haki kuwaita wajinga.

Mwaka wa 2018 mfuko ulitengenezwa upya, ada ikawa shilingi 30,000 kwa nyumba ya watu wasiozidi sita. Na mwaka wa 2023 ilitungwa sheria ya kwamba kila mkaaji wa nchi awe na bima ya afya, na maskini kabisa walipiwe.

Hata hivyo, kwa mkulima wa pamba lipo jambo la majira. Mtoza ada ajaye Machi hukuta mikono mitupu. Ajaye Agosti, pamba ikiisha kupimwa na kulipwa, huenda akakuta fedha bado zinahesabiwa.